Mbuzi wa Mwenyekiti

Nilikaa kwenye kamati ya nidhamu ya ligi yetu miaka kumi na mmoja, na sikuomba kuketi pale hata siku moja. Waliniweka wenyewe. Waliniweka kwa sababu walidhani sitawasumbua, na kwa muda fulani walikuwa sawa.

Watu wanaoandika habari za mpira huwa wamesoma. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Nilizaliwa vilima vya Kilungu, nikashuka kwa miguu hadi barabara ya Mombasa, na baada ya kuzungukazunguka nikafika mji wa Kitui nikiwa na kisu kimoja, sindano moja ya kushonea ngozi na kiondo cha mama. Hakuna mtu aliyenifundisha kushona viatu. Niliokota vilivyotupwa, nikavifumua mshono mmoja mmoja, nikaangalia vile vimejengwa, nikavishona tena. Cha kwanza kilikuwa cha aibu. Cha kumi mtu alikinunua. Ilipofika miaka ya sabini nilikuwa na karakana yangu ya mabati karibu na soko, yenye mlango na kufuli, na hakuna binadamu anayeweza kusimama leo aseme alinipa hata bati moja.

Kazi iliyonipa jina ni njumu za wachezaji. Wakati ule njumu zilikuwa ngozi juu, ngozi chini, na hata meno ya chini yalikuwa vipande vya ngozi vilivyopangwa na kupigiliwa misumari. Zikicheza mechi mbili tatu meno yanang'oka, na zikinyeshewa zinavimba kama mkate. Kwa hiyo kila Jumatatu timu zililetwa kwangu kwenye magunia. Nasema timu, maana yake njumu. Mchezaji niliyemshonea njumu mpya nilimchongea kwanza mguu wake kwa mti, kulia na kushoto, ili ngozi ikae juu yake ikauke vizuri. Mjomba wangu alichonga twiga na askari wa kuuzia watalii. Mimi nilichonga miguu. Nilizitundika kalibu hizo ukutani, ukuta mzima, na wateja wengine walisimama mlangoni wakakataa kuingia, wakasema hapa ni kwa mganga.

Timu kubwa pale mjini ilikuwa ya kampuni moja ya kutengeneza barabara. Wachezaji waliandikwa kazi kambini, asubuhi wanashika koleo kidogo, mchana wanaenda uwanjani. Ndio ulikuwa mpira wa kulipwa wa upande wetu. Mguu ukiwa mzuri unapata kazi na chumba, mguu ukiharibika unarudi kwenu. Meneja wa kampuni ndiye alikuwa mwenyekiti wa timu, Mkamba mwenzetu aliyesoma ng'ambo, mtu wa suti ya kaki na kalamu tatu mfukoni. Yeye ndiye aliyenipendekeza kwenye kamati ya nidhamu. Kulikuwa na mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye ndiye aliongoza vikao, kulikuwa na mchungaji, na mzee mwenye duka la nguo, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, na karani wa kuandika. Nafasi ya tano ilibaki wazi. Mwenyekiti akasema wampe fundi wa viatu, ni mtu wa heshima na hana maneno. Kusema kweli nilivimba kichwa. Nilimwambia mke wangu sasa nitakaa meza moja na mwalimu mkuu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Timu hiyo ilikuwa na winga wa kushoto, kijana wa kutoka Tseikuru, mtoto wa wafugaji. Alikuwa mwembamba, mnyamavu, na akishika mpira pembeni beki anabaki akiangalia vumbi. Mguu wake wa kushoto niliuchonga mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini nilichokiona. Kidole kidogo kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake kama mtu aliyebebwa mgongoni. Njumu za dukani zilimchubua mpaka damu. Zangu zilikuwa na kifuko kidogo pale pembeni, mahali pa kidole hicho kupumzika. Kiangazi kilikuwa kimewamaliza ng'ombe na mbuzi wa mama yake karibu wote, na kile alichopata kambini ndicho kilichokuwa kikiliwa kule Tseikuru na mama na wadogo zake wanne. Hayo aliniambia mwenyewe nikimpima.

Siku moja tulicheza nyumbani na timu ya Mbooni. Nasema tulicheza, ingawa mimi nilikuwa nimesimama kwenye kamba. Refa alikuwa bwana mifugo mfupi, mtu wa haki sana, aliyepuliza filimbi kwa mashavu yote mawili. Kabla ya mapumziko kumalizika nilimwona mwenyekiti akimwita winga kando na kumsemesha sikioni, mkono begani, kama baba. Nikafikiri anamfundisha mpira. Dakika za mwisho beki wetu akamkwatua mtu wa Mbooni ndani ya eneo, refa akaonyesha penalti, na yule winga mnyamavu akatoka pembeni mbio, akamzaba refa kofi ambalo hata sisi wa nyuma tulilisikia.

Jumamosi iliyofuata kamati ikakaa darasani kwenye shule ya mwalimu mkuu. Lori la kampuni likaja asubuhi, na nyuma yake mbuzi. Mwenyekiti akashuka, akatusalimia kila mtu kwa mikono miwili, akasema wazee hawawezi kuamua jambo zito na tumbo tupu. Mzee wa duka ndiye aliyemchinja yule mbuzi, ili naye apate kula bila wasiwasi. Tukachoma nyuma ya darasa, tukala na ugali. Nilikula mbavu mara mbili. Naliandika hili kwa sababu nimesikia wazee wenzangu wakisimulia habari hii kana kwamba mimi siku hiyo nilikuwa nimefunga.

Tulipoingia ndani tukiwa tumeshiba, winga akaulizwa kama alimpiga refa. Akasema, "Nilimpiga." Akaulizwa kwa nini. Akatazama miguu yake. Akaulizwa mara ya pili, hakufungua mdomo. Mwenyekiti akasimama, akasema amehuzunika sana, kijana huyu ana hasira za wachunga ng'ombe, kampuni haiwezi kutetea tabia kama hiyo, lakini kwa huruma hatamfukuza kambini, atamwacha ashike koleo. Tukapiga kura kwa mikono. Miaka miwili asiguse mpira. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wangu.

Nilirudi karakanani nikiona nimefanya kazi ya serikali.

Miezi ikapita. Jumatatu moja mtunza vifaa wa kambi akaniletea gunia kama kawaida. Amri ya mwenyekiti ilikuwa njumu zote ziende kwa fundi kila Jumatatu, na mtunza vifaa alikuwa mtu wa kutii, alizoa kila kilichokuwa na kamba. Nikamwaga gunia. Katikati ya zile jozi nikaona kile kifuko kidogo cha kidole.

Nikaishika ile njumu. Haikuwa kavu kama njumu iliyolala chini ya kitanda miezi. Ilikuwa laini, ya jasho. Meno mawili yalikuwa yamevunjika upande wa nje, vile yeye alivyokuwa akivunja siku zote, kwa kugeukia mguu huo. Na kati ya meno kulikuwa na udongo. Udongo wa uwanja wetu wa mjini ni mchanga, unapukutika ukigonga. Huu ulikuwa mwekundu, umeganda, unang'ang'ania kisu. Nimetembea juu ya udongo huo pekupeku tangu nikiwa mtoto. Ulikuwa wa Kilungu. Na Jumamosi timu ya kampuni ilikuwa imecheza Kilungu, na timu iliyoingia ligi mwaka ule ule, watu wasiomjua winga wetu kwa sura.

Sikumwambia mtu. Nilitengeneza zote isipokuwa hiyo moja ya kushoto, nikatuma ujumbe kwa winga kwamba njumu yake ina neno, aje mwenyewe.

Alikuja jioni, jua likiwa bado kwenye mabati. Nikaiweka mbele yake.

"Hii imecheza," nikamwambia.

"Nilimwazima mtu, mzee."

"Mtu gani huyo mwenye kidole kama chako?"

Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Mimi nikaendelea kukata ngozi, kwa sababu mtu anayetaka kusema ukweli hapendi kutazamwa. Mwishowe akasema yote. Siku ile ya Mbooni mwenyekiti alimwambia, refa huyu akitoa penalti mguse kidogo, aogope, mimi nitamaliza mambo. Kabla ya kikao akamwambia akinyamaza atabaki na kazi, akisema neno arudi Tseikuru na lori la jioni. Na wiki iliyopita alimpa kadi ya mchezaji aliyehamia Mombasa, kadi za wakati ule hazikuwa na picha, akampeleka Kilungu kucheza kwa jina la huyo mwingine.

"Ukikataa?"

"Nikikataa si ni lori la jioni, mzee."

Halafu akaniomba. Akasema niichome hiyo njumu, nimshonee nyingine, kwa sababu ikijulikana atafungiwa maisha, na yeye hana kingine duniani isipokuwa huo mguu ulio ukutani kwangu. Aliinua kidole akauonyesha. Kalibu yake ilikuwa pale, safu ya pili, na kidole chake kimebebwa.

Nilimwambia sitaichoma. Nikamwambia pia kwamba mimi ndiye niliyeinua mkono wa kwanza, na sikuuliza hata swali moja, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa na mbavu. Akanitazama kama mtu aliyesikia mzee akitukana kanisani. Nikamwambia ataulizwa tena, na safari hii ajibu. Akasema, "Na nisipoweza?" Nikamwambia basi mimi nitakuwa nimepoteza jina, na yeye atakuwa amepoteza mguu, na mwenyekiti atakuwa na kalamu zake tatu. Hakucheka. Aliondoka bila njumu.

Siku ya tatu mwenyekiti mwenyewe akaja. Aliinama kuingia mlangoni, akaangalia ukuta wangu kutoka upande hadi upande.

"Fundi, nasikia umeanza kukusanya njumu kuukuu."

"Nimebaki na moja tu, bwana mwenyekiti."

Akaketi. Akazungumza vizuri kabisa. Alikuwa akifikiria wafanyakazi wote wa kambi washonewe viatu vya kazi, na kwa nini aende Nairobi wakati kuna fundi hapa. Nikamwambia viatu vya kambi ningevishona kwa furaha siku yoyote isipokuwa hiyo. Ndipo sauti ikabadilika.

"Ni mimi niliyekuweka kwenye kamati ile."

"Najua. Itisha kikao unitoe. Mimi pia nataka kikao."

"Wewe hata kumbukumbu za kikao huwezi kusoma."

"Karani atanisomea," nikamwambia. "Angalia kichwa usijigonge ukitoka."

Alijigonga.

Kikao kikaitishwa, na mimi ndiye niliyekiomba, kwa kumwendea mwalimu mkuu nyumbani na kukataa kuondoka mpaka aandike barua. Ilikuwa Jumamosi tena, darasa lilelile. Nilikuja na kiondo cha mama, ndani yake njumu na kalibu. Winga alikuwa amekaa dawati la nyuma, mikono katikati ya magoti. Halafu tukasikia lori. Mwenyekiti akashuka, na nyuma ya lori akashushwa mbuzi wa pili, dume mweupe, mkubwa kuliko wa kwanza. Akafungwa kwenye mlingoti wa bendera. Mzee wa duka alikuwa ameanza kukunja mikono ya kanzu.

Nikamwambia asimchinje. Nikasema leo tufanye kazi kwanza, nyama itatungoja. Mchungaji alinitazama kwa huzuni kubwa.

Nikatoa njumu, nikatoa mguu wa mti, nikavitia kimoja ndani ya kingine mbele yao, na kidole kikaingia kwenye kifuko chake. Nikaeleza udongo ule ni wa wapi. Mwenyekiti akasema hilo halina neno, njumu zinaazimwa, na kama kijana huyu alikwenda Kilungu kwa siri na kudanganya viongozi wake, basi kamati imfungie maisha, yeye mwenyewe ataunga mkono. Nilimsikia winga akivuta pumzi kule nyuma.

Nikasema mimi sikuja kwa ajili ya kijana, nimekuja kwa ajili ya aliyemtuma. Mwalimu mkuu akakohoa. Akasema, kwa upole, kwamba kamati hii ni ya wachezaji tu, kwa viongozi hatuna uwezo.

Nikamwomba kitabu cha sheria cha ligi. Kilikuwa mezani kila kikao na sijawahi kukishika. Walifikiri nitajiaibisha. Mimi kusoma ninasoma polepole kama mtu anayevuka mto, lakini kuchakaa ninakusoma kuliko wao wote, ndio kazi yangu. Nikakigeuza kama kiatu. Kurasa za wachezaji zilikuwa nyeusi kwa vidole, pembe zimekunjwa, moja ilikuwa na mafuta ya mbuzi. Baada ya hapo kulikuwa na kurasa zilizoshikana, nyeupe, kama siku zilipotoka dukani. Nikazitenganisha kwa ukucha, nikampa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, tusomee hapa pasipochakaa."

Akavaa miwani. Akasoma kimya kwanza, halafu nikaona masikio yake yakiwa mekundu, na yeye si mtu mweupe. Kisha akasoma kwa sauti. Kiongozi wa timu akimtuma mchezaji kumdhuru refa, au akimchezesha aliyefungiwa, anafungiwa yeye, tena zaidi ya mchezaji. Ilikuwa pale miaka yote. Mwalimu mkuu akasema hakuwahi kufika ukurasa huo.

"Sawa," akasema mwenyekiti, na alikuwa akitabasamu. "Sasa nani ana ushahidi kwamba nilimtuma?"

Kule nje mbuzi akalia.

Nikamuuliza, "Bwana mwenyekiti, mbuzi wa kikao cha kwanza alikuwa wa nani?"

"Wangu. Nani mwingine angewapa mbuzi?"

"Alitoka wapi?"

"Bomani kwangu. Mbona?"

"Karani, andika hayo."

Karani akaandika. Nikasimama. Mimi huwa sisimami kwenye kikao, mgongo wangu ni wa mtu wa kuinama, lakini siku hiyo nilisimama.

Nikawaambia, sisi wote hapa tumezaliwa tukaona wazee wa baraza, wazee wa nzama, wakikaa kukata kesi. Na katika kesi zote mlizoziona tangu utoto, ni nani huleta mbuzi? Aliyekosewa huleta? Jirani huleta? Mwenye kosa ndiye huleta. Akishamleta na wazee wakamla, amekubali kosa lake, na hawezi kusimama tena kesho aseme sikufanya. Kijana huyu hana mbuzi, mbuzi wao walikufa Tseikuru. Aliyeleta ni huyu. Tena leo ameongeza wa pili, na hata hatujamuuliza neno.

Mwenyekiti akasema hizo ni habari za kienyeji, mpira una sheria za kisasa na ndani yake hakuna mbuzi.

"Ni kweli, kwenye kitabu hakuna mbuzi," nikasema. "Lakini kwenye matumbo yetu alikuwamo. Sasa wenzangu tuchague. Kama yule mbuzi alikuwa faini, basi huyu bwana alikiri siku ile ile, na tuandike hivyo. Kama hakuwa faini, basi alikuwa hongo, na sisi watano tulikula hongo, na mimi nilikula mbavu mara mbili. Tuandike hivyo pia, tutoke hapa sote, Jumapili mchungaji akaeleze kanisani."

Mzee wa duka ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Wallahi fundi," akasema, "mimi ndiye niliyemchinja. Ilikuwa faini. Nilichinja faini." Mchungaji akasema haraka sana kwamba hata yeye siku zote alimwona kama faini. Karani akasema na yeye pia, ingawa hakuulizwa. Mwalimu mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akamwita winga.

Hapo ndipo mambo yote yalikuwa. Kama angetazama miguu yake tena, mbuzi na njumu vingekuwa kichekesho cha fundi tu. Alitembea mpaka mbele. Mwenyekiti akamwambia kwa Kikamba, taratibu, akumbuke lori la jioni.

Kijana akamgeukia. "Lori nalijua," akasema. "Nimelisukuma mara nyingi likikwama."

Halafu akageukia kamati, akasema maneno yote aliyoniambia karakanani, na mengine zaidi, na hakulia. Alisema kofi lilikuwa la mkono wake, hakatai. Alisema aliyelinunua ameketi pale.

Tulipiga kura. Safari hii niliinua mkono wa mwisho, ili nione mingine yote ikiwa juu. Mwenyekiti alifungiwa miaka minne asiongoze timu, asikanyage uwanja wowote wa ligi, asiseme na mchezaji siku ya mechi. Ushindi wa Kilungu ukafutwa. Winga naye hatukumwachia hivi hivi, kwa sababu refa ni mtu na shavu lake ni shavu. Tukasema miezi aliyokaa nje inatosha, aongeze mechi tatu kwa ajili ya kadi ya mwenzake, na siku atakayorudi amwombe refa msamaha mbele ya timu zote mbili. Nilimfanya karani anisomee kumbukumbu mara tatu. Mara ya tatu hakukuwa na haja, nilitaka tu kusikia.

Mbuzi mweupe alirudi na lori. Tulimsikia mpaka kona ya soko.

Jumatatu mwenyekiti akamfukuza winga kambini. Hakuwa mwenyekiti wa timu tena lakini meneja alikuwa bado. Nikafikiri sasa ndio nimemmaliza mtoto wa watu kwa mdomo wangu. Lakini jioni ile mtunza vifaa akaja bila gunia, na nyuma yake wachezaji wa timu, mmoja mmoja, kila mtu na njumu zake mkononi. Kipa ndiye alisema. Alisema wanaomba misumari. Wakatundika njumu zao kwenye ukuta wangu, kila jozi chini ya miguu yake ya mti, wakasema watazichukua siku winga atakaporudishwa kazini, si kabla. Jumamosi mbili timu ya kampuni haikutokea uwanjani. Wakubwa wa Nairobi waliuliza kwa nini. Wakaambiwa kuna fundi wa viatu Kitui ana njumu zote. Wiki ya tatu kijana akarudishwa kambini, na chumba chake, na wachezaji wakaja kuchukua mali yao wakiimba, hata mtunza vifaa aliyekuwa haimbi.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa na Mbooni tena, vile ratiba ilivyoangukia, na refa yule yule. Uwanja ulijaa hadi watu wakakaa juu ya paa la choo. Winga alimwendea bwana mifugo katikati ya uwanja, akavua njumu ya kushoto, sijui kwa nini, akasimama mguu mmoja pekupeku akimwomba msamaha. Refa alimpa mkono, kisha akamwonyesha njumu: vaa, tucheze.

Nje ya ua lori la kampuni lilikuwa limesimama, na juu ya lori, amesimama kwenye mchanga wa kujengea, alikuwa meneja. Alikuwa amefungiwa uwanja, hakufungiwa lori. Kila mtu alimwona. Winga akafunga bao kabla hatujatulia, na la pili baadaye, kwa kumzunguka beki mmoja mara mbili kama anayemtafutia njia ya kwao. Halafu, dakika za mwisho kabisa, mbili kwa bila, beki wetu yule yule asiyefundishika akamkwatua mtu wa Mbooni ndani ya eneo.

Refa akapuliza kwa mashavu yote mawili. Penalti.

Watu wote tuliangalia pembeni kushoto. Winga alikuja mbio, mbio kweli, na nikaona refa akirudi hatua moja. Kijana akampita. Akaokota mpira uliokuwa umejiviringisha mbali, akaupangusa kwenye jezi yake, akaenda akauweka mwenyewe pale kwenye alama, akarudi nyuma.

Kutoka juu ya lori tukasikia sauti ikimtukana refa, ndefu, ya mtu aliyesahau yuko wapi. Winga akageuka. Akamtazama meneja pale juu ya mchanga wake, akaweka kidole mdomoni.

Sijawahi kusikia watu wakicheka hivyo tangu nizaliwe. Mbooni wakaifunga penalti, na hata hiyo watu wetu waliishangilia.